Ada ya Mchelewaji

Mimi sijawahi kumshinda mtu mbio. Hata kuku wa nyumbani hunichenga. Lakini nimesoma mpaka darasa la sita kwa ajili ya mkimbiaji, na kila nikiandika barua namshukuru.

Alikuwa kijana wa kwetu Muleba. Alikwenda Bukoba kwenye mashindano ya shule, akawapita wote mbele ya Bwana DC, akarudi na blanketi la zawadi. Mwaka haujaisha, homa ikamchukua. Mama yake, mjane, akasema kahawa ya mibuni aliyoipanda marehemu mwanawe kibanjani, shambani pale nyumbani, hataila yeye. Itamsomesha mtoto mmoja, kwa kumkumbuka.

Siku ya kuchagua tulipangwa uwanjani. Mwalimu mkuu alikwisha chora mstari wa kuanzia mbio, maana alidhani atakayeshinda ndiye apewe. Yule mama akautazama mstari.

"Mwalimu, waitu," akasema kwa adabu ya kwetu, "mwanangu hakujifunzia mbio hapa. Alijifunzia njiani. Nilikuwa namtuma maji kwanza, kisha nyasi za mbuzi, ndipo aende shule, na kengele iko karibu kulia. Nionyeshe mtoto anayechelewa kuliko wote."

Shule nzima ikageuka.

"Kengele ya Pili huyo!" wakapiga kelele. Ndilo jina walilonipa.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama yangu alikuwa mgonjwa, na mimi ndiye niliyemenya ndizi za asubuhi na kumpeleka mdogo wangu kwa bibi. Baba alikwisha sema muhula ule ndio wa mwisho wangu, ada hana. Nikapiga magoti, nikidhani naitiwa viboko. Yule mama akaniinua.

"Utasoma," akasema.

Sasa sikieni ujinga wangu. Mwaka uliofuata mama alipona, nikawa namaliza kazi mapema. Hofu ikaniingia: nikiwahi, ada si itakwenda kwa mchelewaji mwingine? Basi nikawa najificha kwenye migomba karibu na shule. Kengele ikilia, nahesabu mpaka mia, ndipo natoka kwenda kuchapwa. Niliona ni halali yangu.

Asubuhi moja yule mama akapita na kikapu cha kahawa kichwani, akaniona.

"We mtoto, unafanya nini humo?"

"Nachelewa, mama."

"Unachelewa?"

"Nisipochelewa utampa mwingine."

Akatua kikapu. Nikajua nimekwisha. Mara akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini na kujifunika kanga usoni. Tangu msiba hakuna aliyemsikia akicheka. Alipoifunua, macho yalikuwa mekundu.

"Mjinga wewe! Mwanangu alikimbia ili awahi. Akifika kengele haijalia, alirudi nyumbani anaimba kuliko siku ile ya blanketi. Ada ni yako mpaka utakapomaliza. Haya, kimbia!"

Nikakimbia, daftari kwapani.

"Inua miguu!" akapaza sauti nyuma yangu. "Yeye angekupita akienda kinyumenyume!"

Nilikuta darasa tupu, madawati yote yangu. Nilikuwa sijawahi kuona ubao ukiwa haujaandikwa kitu. Nikaokota kipande cha chaki, nikajifanya mwalimu, nikaandika juu kabisa: WALIOWAHI. Chini yake nikaweka jina la yule kaka mkimbiaji kwanza, kisha langu. Ndipo kengele ikalia.