Asubuhi Niliyoitafuta Orodha ya Damu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, sista wa wodi ya wazazi alisimama mlangoni pa ofisi yangu na kusema anataka orodha ya watu wenye damu ya O hasi. Hakuketi. Mama mmoja kutoka Kangeta alikuwa amejifungua alfajiri na damu ilikuwa haikatiki. Chupa ya mwisho ya aina hiyo tuliyokuwa nayo ilikuwa tayari inamwingia. Hospitali tuliyoipigia kule Embu ilikubali kutuma nyingine, lakini kutoka Embu hadi Meru ni zaidi ya saa mbili, hata dereva akiwa na haraka.

"Nipe majina," akasema. "Walio karibu kwanza."

Mimi ni karani wa kumbukumbu, na kazi hiyo kwa kawaida hunichukua dakika moja. Majina ya wachangiaji damu yamo katika hifadhidata, ndani ya kompyuta kuukuu iliyoko stoo, nyuma ya maabara. Siigusi kompyuta hiyo. Nafungua programu ya ofisi mezani pangu, ile ile ninayoandikia barua, nabonyeza jedwali la wachangiaji, nayo inakwenda kuyaleta majina kupitia waifai. Asubuhi hiyo nilibonyeza, ikafikiri kidogo, ikaandika: muunganisho umekataliwa.

Nikabonyeza tena. Umekataliwa.

Nyuma ya sista aliingia mume wa yule mama, mkulima wa miraa, bado amevaa gambuti zenye matope.

"Daktari, imepatikana?"

"Mimi si daktari, baba. Ngoja kidogo."

"Si wewe ndiye uko na kompyuta? Basi ni wewe."

Nikibanwa huwa naandika. Nilichukua karatasi, nikaanza kupiga mistari juu ya kila nilichokwisha kukagua. Neno la siri: nililiandika upya, herufi kwa herufi. Mashine yenyewe: nilikimbia stoo nikakuta taa ya kijani inawaka na feni inavuma. Zaidi ya hapo sikuweza kuiuliza kitu, kwa sababu kioo na kibodi chake vilichukuliwa na watu wa famasia na havijarudi. Nikarudi mezani nikaiita anwani yake. Unaandika amri fupi yenye namba ya mashine, na mashine ikiwa hai, inajibu. Ilijibu mara nne, bila kusita.

Hapo ndipo nilipopotea. Mashine iko hai, njia iko wazi, na bado inanikatalia. Kwa hiyo kosa lazima liwe upande wangu. Nikafuta kile kiunganishi kinachoiwezesha programu kuzungumza na hifadhidata, nikakiweka upya. Nikazima kompyuta yangu, nikaiwasha. Umekataliwa. Saa tatu kasoro robo.

Yule mume hakutulia mahali pamoja. Alikuwa akienda hadi mlango wa wodi na kurudi, na kila akirudi alikuwa na habari mpya.

"Nimepigia watu wa kwetu. Wanakuja na pikapu ya miraa. Hiyo haichelewangi."

"Wana damu gani?" sista akauliza.

"Si ni damu tu?"

"Si kila damu, baba. Wewe mwenyewe umepimwa ikakataa."

"Basi watapimwa wote mpaka moja ikubali."

Nilikuwa nimeiacha ile amri iendelee kuita namba bila kukoma, na majibu yalikuwa yakishuka kwenye kioo, mstari baada ya mstari. Simu ya sista ikalia. Wodi ilikuwa ikimtafuta. Kuta za ofisi yangu ni za mawe na mtu hasikiki vizuri ndani, kwa hiyo akatoka akizungumza, akaenda mpaka kwenye maegesho. Mistari ikasimama. Hakuna jibu. Hakuna jibu. Aliporudi, majibu yakaanza tena kushuka.

Niliangalia kioo, nikamwangalia yeye.

"Sista, hebu toka tena. Nenda na simu mpaka langoni."

"Mgonjwa wangu anakufa na wewe unanituma matembezi?"

Lakini alikwenda. Mistari ikasimama.

Nilikulia Siakago. Radi ya kwanza ikisikika, mama alikuwa anang'oa waya wa redio, anafunika kioo cha ukutani kwa leso na kutuondoa karibu na sufuria. Mpaka leo siwezi kusikia radi na kuacha kitu kwenye umeme. Jioni iliyotangulia, mawingu yakiwa meusi, nilishusha swichi kuu ya korido nzima ya nyuma, nikaenda nyumbani nimeridhika. Asubuhi sista alifika kabla yangu, akaipandisha, simu yake ikiwa mfukoni. Kisanduku cha waifai, ambacho nacho kiko kwenye korido hiyo, kikiwashwa upya humpa namba anayefika kwanza, na ile kompyuta kuukuu huchukua dakika kadhaa kuamka. Simu ikachukua namba ya kompyuta. Nusu saa nzima nilikuwa nikiiomba simu ya sista majina ya wachangiaji.

"Kwa hivyo ni simu yangu?" akauliza.

"Ni mimi. Nilizima swichi."

Nilifungua orodha ya vyombo vilivyoshika waifai, nikaona namba mpya ya kompyuta ya stoo, nikaiandika mahali pa ile ya zamani. Muunganisho umefaulu. Majina kumi na moja, matano yakiwa ya hapa mjini.

Wa kwanza hakupatikana. Wa pili alikuwa Isiolo. Wa tatu ni muuza nyama karibu na msikiti, na nilipomweleza alisema, "Nyama haina miguu, itaningoja. Nakuja." Alishuka kwenye bodaboda akiwa bado na aproni yenye damu. Mume wa yule mama aliiona, akarudi nyuma hatua moja.

"Usitishike, ndugu yangu," muuza nyama akamwambia. "Hii ni ya mbuzi. Yangu bado iko ndani."

Pikapu ilifika na wanaume tisa. Hakuna aliyekuwa na O hasi. Walipanga foleni hata hivyo, na damu yao ikawekwa kwa ajili ya wengine.

Maabara walipima damu ya muuza nyama na kuilinganisha na ya yule mama. Sikuweza kukaa. Nilipanga faili ambazo zilikuwa zimepangwa, nikasimama koridoni na wale wanaume, nikarudi, nikatoka tena. Chupa ilipita mbele yetu mikononi mwa sista, na mlango ukafungwa.

Ilikuwa imeshapita saa sita alipotoka.

"Amefungua macho," akamwambia yule mume. "Anauliza nani amekamua ng'ombe."

Yule mume alishika ukuta. Kisha akageuka akawatazama wale wanaume tisa, mmoja mmoja, majirani zake wote.

"Hakuna," akasema, akaanza kutafuta simu yake. "Sisi wote tuko hapa."