Nilisema Engai Haipo, Mchungaji Akiwa Sebuleni

Nilimkana Mungu kwa sauti kubwa uani kwetu, mtaa wa Sakina, Arusha, mchungaji akiwa sebuleni na kikombe cha chai mkononi.

Muda si mrefu, mchungaji huyo huyo alikuwa anakatiza ua mbio, gauni la kike kichwani, anapiga kelele.

Na mimi nikawa nimepita kipaimara.

Msicheke kwanza. Vuteni viti.

Naitwa Solomoni Parsimei. Sasa ni mzee, mvi zimejaa, lakini kichwa bado kinachemka. Cheti changu cha kidato cha nne, nilichokisotea kwa masomo ya jioni baada ya kazi, kimetundikwa ukutani juu ya televisheni. Mgeni asipokiona, namwonyesha.

Bila lile gauni, cheti hicho kisingekuwepo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Vijana hamjui. Muda mfupi kabla ya hapo tulipanga foleni ya sabuni, na suruali tulivaa mpaka kiraka kinatiwa kiraka. Mara milango ikafunguliwa. Sabuni ya kunukia ikarudi madukani. Mitumba ikamwagika Arusha nzima.

Baba akawa muuza mitumba kando ya barabara ya Nairobi. Juu ya hapo alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kugongwa muhuri. Kwetu huli bila sala, hulali bila sala, na ukipiga chafya unaombewa.

Tatizo langu lilianzia mezani.

Kila asubuhi baba aliomba: "Bwana, utupe jua." Mitumba hutandazwa chini, kwenye turubai. Mvua ikishuka, biashara imekufa.

Akimaliza tu, mama yake anadakia: "Bwana, utupe mvua." Huyo ni Koko Namnyaki. Sisi ni Waarusha, na kwa Kimaa koko ni bibi. Alikuwa na mahindi na maharage nyuma ya nyumba.

Halafu wote wawili wananigeukia.

"Solomoni, itikia."

"Amina."

Amina ipi sasa?

Nikalipeleka swali darasa la kipaimara. Waliopita huko wanakumbuka: katekisimo yetu kila kifungu kinafuatwa na swali, "Maana yake ni nini?" Na jibu lake unalikariri. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, watu wawili wakiomba jua na mvua siku moja, meza moja, maana yake ni nini?"

Darasa likaangua kicheko.

"Hilo halimo kitabuni," mwalimu akasema. "Kaa chini."

Nikakaa. Swali halikukaa.

Likazaa mengine. Mbona tukipata tunasema amejibu, na tukikosa tunasema amejibu kwa njia nyingine? Kwani yupo kweli, au tunaongea na dari? Wala haukuwa ukorofi. Kwaya nilikuwa naipenda mno. Nilitaka tu mtu mmoja anijibu bila kunitolea macho.

Habari zikamfikia baba. Akaniita.

"Solomoni, bado unataka hayo masomo ya jioni mjini?"

"Ndiyo, baba." Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa. Masomo ya jioni ndiyo yalikuwa mlango pekee uliobaki.

"Nitakulipia. Lakini sisomeshi mpagani. Mchungaji anapita kuwaona watoto wa kipaimara nyumba kwa nyumba. Akikukataa, utabeba marobota ya mitumba mpaka uote mvi. Umenielewa?"

Nilimwelewa sana.

Siku ikafika. Mchungaji Ndesanjo akaja, Mchaga wa Machame, mpole, mcheshi, ila Kimaa hakijui. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaribishwa sebuleni. Mimi nikaambiwa nisubiri uani niitwe.

Uani kulikuwa na robota jipya la baba, limelowa njiani, nguo zinaanza kunuka. Na Koko, anapukuchua maharage. Koko alikuwa mzito wa kusikia kidogo. Au ndivyo tulivyojua.

"Mbona umenuna kama ndama aliyeachishwa?" akaniuliza kwa Kimaa.

"Koko, akiniuliza kama naamini, nitamjibu nini? Mimi naona Mungu hayupo."

"Eeh?"

"Mungu hayupo, Koko."

"Sema kwa nguvu, bwana! Unaongea na kifua?"

Nikachoka. Nikajaza mapafu.

"METII ENGAI!"

Kuku wakatawanyika. Sebuleni vikombe vikanyamaza.

Baba akatokea mlangoni, uso umemkauka. Nyuma yake mchungaji.

"Hapo nimesikia Engai," mchungaji akasema. "Hilo neno nalijua. Kijana amesema nini juu ya Mungu?"

Jamani. Niliyaona masomo ya jioni yakiondoka, yananipungia mkono.

Koko hata hakuinua kichwa.

"Mungu? Nani kamtaja Mungu hapa?" akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Mtoto anasema mvua haipo. Sisi neno ni moja, mchungaji. Engai ni Mungu, Engai ni mvua. Nimeuliza nianike maharage? Yeye amejibu, mvua haipo."

"Ni kweli, Mzee Parsimei?"

Baba akanitazama. Alijua vizuri nimemaanisha ipi.

"Ni kweli, mchungaji," akasema. "Neno ni moja."

"Basi kama mvua haipo," Koko akadakia, "Parsimei, nguo zako zinaoza hapa, unangoja nini?"

Sote tukatazama juu. Mlima Meru haukuonekana. Wingu lililoufunika lilikuwa jeusi kama tako la sufuria.

Baba akalitazama wingu. Akamtazama mchungaji. Akaona hana pa kutokea.

"Solomoni," akasema kinyonge, "fungua robota."

Tukatandika turubai. Tukaanika. Mchungaji, kwa wema wake, akavua koti akatusaidia. "Kazi ni ibada," akasema, huku anatundika magauni kwenye kamba. Koko akamwaga maharage yake juu ya gunia, akaketi, akanusa ugoro.

Tone la kwanza liliniangukia puani.

La pili sikulisikia, maana yote yalishuka pamoja.

Weee! Mvua ile! Mchungaji akajifunika gauni la maua kichwani, akawa anakimbia na sketi mikononi anapiga kelele, "Makoti! Okoeni makoti!" Baba alishika ncha moja ya turubai lililojaa maji, limemshinda, anateleza.

"Solomoni! Etii Engai! Etii Engai!" Yaani, ipo! Ipo! "Shika huko!"

Nikadaka ncha ya pili. Kicheko kikanitoka, sikuweza kukizuia.

"Etii, baba! Etii Engai!"

Tukavuta pamoja mpaka barazani. Mchungaji alikuwa ameegemea nguzo, gauni bado kichwani, anacheka mpaka machozi.

"Mzee Parsimei," akasema, "huyu kijana amekiri mbele yangu, kwa lugha ya baba zake, kwa sauti kuliko sisi wote. Mimi nitamuuliza nini tena?"

Maji yalikuwa yanamchuruzika baba puani. Angeweza kusema neno moja tu, likanimaliza.

"Huna la kumuuliza, mchungaji," akasema. Kisha akanigeukia. "Kabadilishe shati. Na hayo masomo ya jioni yanaanza lini?"

Jioni nikamfuata Koko jikoni.

"Koko, asante kwa kunisikia vibaya."

"Nani kasikia vibaya?" Akanikata jicho. "Mimi ni kiziwi wa mahubiri marefu tu."

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Baba yako naye aliniambia Mungu hayupo," akasema. "Akiwa mdogo kuliko wewe. Nikamwambia aanike maharage."

"Baba? Baba huyu huyu?"

"Huyu huyu."

"Yalilowa?"

"Chapachapa." Akachochea moto. "Sasa niambie wewe. Pale uani ulipoitikia ipo, uliitikia Engai ipi?"

Nikafikiri. Kwa Koko huwezi kudanganya.

"Ya mvua, Koko."

"Haya. Anzia hapo."

Nimeanzia hapo mpaka leo. Kanisani nakwenda, na maswali yangu nakwenda nayo, tunakaa benchi moja. Mengine yamejibiwa, mengine yamezeeka pamoja nami. Ninachowaomba ninyi wazazi: mtoto akiwaletea swali la Mungu, msikimbilie mkanda. Anayeuliza bado yuko mezani.

Juzi mjukuu wangu Jackline, msomi wa sekondari, kaja kutoka mjini amekunja uso.

"Babu, usinikasirikie. Mimi siku hizi naona kama Mungu hayupo."

Nikatoka nje, nikachungulia Meru. Wingu lilikuwa limekaa vizuri kabisa.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "lete maharage tuanike."