Yowe la Zipora

Zipora hakuwahi kudumu kwenye kwaya. Alijaribu enzi za usichana wake, na baada ya Jumapili chache mwalimu akamwomba kwa upole apumzike, maana sauti yake ilikuwa inawafunika soprano wote, na besi nao. Lakini ukija kwenye kupiga yowe, Shighatini nzima haikuwa na wa kushindana naye. Nyumba ya jirani yake Hedwiga iliposhika moto, ni yowe la Zipora lililovuka bonde likawatoa watu mashambani ng'ambo ya pili. Na huku milimani Upareni yowe si kelele tu. Ukilisikia unatupa jembe, unaacha chungu jikoni, unakwenda. Asiyekwenda atakumbushwa siku shida itakapobisha mlangoni kwake.

Fredrick, mtoto wa mdogo wake, ndiye aliyekuja kuvuruga mambo. Alikuwa na bendi yake mjini Same, magitaa ya umeme na ngoma za kupondwa kwa nguvu, wanapiga kitu walichokiita pop roki. Alikuwa ametunga wimbo wa kuwaita nyumbani vijana walioteremka mjini wakausahau mlima. Kabla ya kiitikio alitaka yowe, halafu bendi nzima iitike, "Tunakujaaa!"

"Mama mkubwa, ni mara moja tu," alibembeleza.

"Yowe la nini, na hakuna aliyepatwa na jambo?"

"La wimbo."

Zipora alikataa, akakataa tena, kisha akakubali. Na tuseme kweli: mtu aliyeondolewa kwaya akiombwa kurekodi, hata wewe ungepanda gari kwenda Same.

Studio ilimshinda mwanzoni. Kila akijaribu alisikika kama anaita kuku. Mwishowe akafumba macho, akalikumbuka paa la Hedwiga lilivyodondoka, akaachia. Fundi wa studio alivua hedifoni akautazama mlango, kama mtu anayetafuta pa kukimbilia. Walipokuja kupiga video walimsimamisha mgongoni mwa mlima juu ya kijiji, kitenge kiunoni, mabuti ya mpira miguuni, droni ikimzunguka kwenye ukungu, na vijana wakipanda mbio kuelekea kwake huku wakiitika.

Wimbo ulipotoka haukupokelewa. Mtangazaji mmoja wa redio aliuliza lini Wapare walianza kupiga magitaa. Kisha wanafunzi fulani wakakata kile kipande cha yowe, wakajirekodi, mmoja anapiga na wengine wanakimbia, "Tunakujaaa!" Hapo ndipo moto ulipowaka. Washereheshaji wakaupiga harusini, wageni wakaitika na sahani mkononi. Sokoni watoto walimpigia yowe Zipora mwenyewe, naye akacheka. Simeoni, mumewe, aliuweka uwe mlio wa simu yake, ukalia kanisani katikati ya mahubiri. Na pale kijiweni barabarani, chini ya nyumba yao, waendesha bodaboda waliufungulia kila asubuhi kwenye spika kubwa ya betri ya Rogath, mtoto wa mzee Samweli.

Zipora alifurahi, lakini kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Siku za mwanzo watu walishtuka wakilisikia lile yowe. Masika yalipoanza, hakuna aliyeshtuka tena.

Mvua ile ilinyesha mfululizo. Umeme ulikatika, Zipora akapeleka simu yake dukani ikachajiwe kwa sola. Mchana mmoja mvua ikapungua kidogo, Simeoni akachukua jembe akazunguka nyuma ya jiko kuzibua mtaro. Zipora alisikia mshindo, kisha kimya. Alipofika, ukingo wa udongo ulikuwa umemegeka na kumbana mumewe ukutani. Tope lilimfika kifuani, mikono yote miwili imo ndani, simu yake nayo iko mfukoni huko chini.

"Usiniache," Simeoni alisema.

"Niende wapi?"

Alianza kukomba tope kwa viganja. Kila alipokomba, jingine liliteremka taratibu kutoka juu. Lilikuwa limefika mabegani. Alijua kwamba akiondoka kwenda kuita watu, atakaporudi litakuwa limempita mdomo. Kilichobaki ni sauti. Akainua kichwa, akapiga yowe.

Kutoka chini kwenye ukungu likaja jibu: "Tunakujaaa!"

"Umesikia?" alimwambia mumewe, moyo ukimtulia. "Wanakuja."

Wakasubiri. Tope likagusa kidevu cha Simeoni, Zipora akalikomba. Hakuna mguu uliosikika kwenye kijia. Akapiga la pili, refu kuliko la kwanza.

"Tunakujaaa!" Safari hii walipangana vizuri, sauti ya juu na ya chini, na mtu alikuwa akigonga dumu. Kisha kicheko.

Zipora alielewa, na hofu iliyomshika hapo ilizidi ile ya tope. Alikuwa na sauti ya kuvuka bonde, na sauti hiyo haikuwa yake tena. Simeoni alikuwa ameinua uso juu, anapumua kwa pua, anamtazama. Hata kulia hakukuwa na nafasi, mikono ilikuwa na kazi.

"ROGATH!" alipaza. "Rogath wa Samweli! Wewe, Rogath! Nakuita kwa jina lako!"

Dumu likanyamaza.

"Nathanaeli! Aneth wa dukani! Anaeli! Simeoni amefukiwa!"

Kwenye wimbo hakukuwa na Rogath wala Aneth. Spika ikazimwa. Kisha Zipora akasikia mabuti, mengi, yakiteleza na kupanda kijia. Rogath alitokea wa kwanza, hana kofia, hana koti, akapiga magoti akaanza kuchimbua kwa mikono kabla majembe hayajafika. Walimtoa Simeoni akiwa wa baridi, mguu umevunjika, wakamteremsha barabarani juu ya mlango wa jiko wakampeleka hospitali. Alipona, ila sasa anatembea na fimbo.

Fredrick alipiga simu analia, akasema atauondoa wimbo.

"Utauondoa kwenye simu za watu wote?" Zipora alimuuliza. "Uache, mwanangu. Umeshatoka."

Wiki aliyoruhusiwa Simeoni kutoka hospitali, Rogath alikuja na sukari na mkate. Aliwaamkia shikamoo mzee, shikamoo mama, akakaa ukingoni mwa kiti. Chai ikapoa mbele yake.

"Mama," alisema mwishowe, "watu wananisifu kwamba nilifika wa kwanza. Siwezi kukaa na sifa hiyo. Yowe la kwanza nililisikia. Mimi ndiye niliyeitika."

Zipora alikuwa akimwongezea Simeoni mto chini ya mguu.

"Najua," alisema. "Niliitambua sauti yako. Ndiyo maana nilianza na jina lako."