Tela Lililomchukia Mama

Juzi asubuhi nilitoka bila kujua naenda wapi. Karibu na Msimbazi nikaona tela la chipsi limevutiwa umeme kwa waya kutoka dukani. Harufu ya mafuta ya moto ikanirudisha kwenye mchana mmoja wa utoto wangu.

Mama alikuwa akipikia ndani ya tela kama lile. Mlangoni alivua kandambili ili asichafue sakafu, na aliposhika bomba la kupandia, shoti ikamtupa kwenye tope. Baba akakaza nyaya, kisha akalishika bomba lile lile. Halikumfanya kitu.

"Limepona, mama Neema. Panda, wateja wanasubiri."

Mama akashika, akarushwa tena. Nililia, nikiamini tela lilimchukia mama na kumpenda baba. Sikujua bado kwamba umeme hutafuta ardhi.

"Mbona mimi halinipigi?" baba aliuliza, akicheka kidogo.

Mama alitazama miguu ya baba, kisha yake iliyojaa tope.

"Vua hizo kandambili, baba Neema, halafu ulishike."

Baba akavua ya kushoto, akasita. Akaivaa tena, akaenda dukani kuchomoa waya.