Mama Alivyotupa Karata Zake

Poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, nilijifunzia kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 2012, kwa jirani yangu, mama wa Sudan Kusini aliyeuza chai karibu na shule niliyofundisha. Kila mtu anapewa karata tano, anazificha. Jozi mbili zinashinda jozi moja, na tatu zinazofanana zinashinda jozi mbili. Ukijiamini unaweka dau. Mwenzako anafuata, anapandisha au anatupa karata zake. Akitupa, umeshinda hata kama huna kitu. Hapo pa kudanganya ndipo nilipokuwa nakwama.

"Wewe karata ikiwa mbaya unaongea kama redio," aliniambia. "Nyamaza! Halafu tazama miguu ya mtu, uso unadanganya."

Likizo ya mwaka uliofuata nilienda kwa mama yangu, Lodwar. Kope zake zilikuwa zimegeukia ndani, zinamkwaruza macho, naye anazing'oa mojamoja kwa kibano. Daktari alishasema: apasuliwe kope, la sivyo atapofuka. Mama alikataa katakata, kisu kisimguse. Nilibembeleza, nikafoka. Wapi!

Basi nikamfundisha poka, tumekaa kwenye ngozi mlangoni, dau letu matunda makavu ya mti wa mkoma. Alishika karata karibu na pua, na bado akanipiga asubuhi nzima huku akicheka. Jamani, mwanamke huyu! Nikapandwa na hasira.

"Mara ya mwisho," nikasema. "Nikishinda, kesho hospitali. Ukishinda, sitakusumbua tena."

Akakubali haraka. Ndipo nikashtuka: nimeyaweka macho ya mama yangu kwenye karata!

Nikazitazama zangu. Takataka, hata jozi moja sina. Nikasukuma matunda yote mbele, nikafunga mdomo. Mama akanyoosha mkono, akaushika wangu uliobana karata, akakaa nao kitambo. Akazilaza karata zake kifudifudi.

"Natupa. Umeshinda."

Nilizifunua kabla hajanizuia. Saba tatu.

"Mama! Ulikuwa umeshinda wewe!"

"Najua. Huna kitu hapo." Bado alikuwa ameushika mkono wangu. "Lakini unatetemeka. Kila ukija unanifokea tu, macho, macho, nikadhani umenichoka. Kumbe unaogopa."

Nikalaza kichwa mapajani mwake nikalia, mwalimu mzima, na majirani wanapita.