Ua la Bijombo kati ya vioo viwili

Leo nimetenganisha vioo viwili vilivyoshikana tangu tulipokimbia vita kutoka Bijombo, kule milimani.

Ni vile vyembamba vya maabara, vya kuwekea tone la damu chini ya darubini. Marehemu mke wangu alikuwa muuguzi. Asubuhi ile ya kukimbia alibana ua la mlimani katikati yake.

Mjukuu wangu Neema aliamka anawaka homa. Kwenye kituo cha afya, hapa Mulongwe kando ya ziwa, fundi wa labo alinionyesha mikono mitupu.

"Koko, babu yangu, vioo vimeisha. Vya zamani tumeviosha mpaka vimekwaruzika. Na vita imefunga barabara ya Sange."

"Na bila kioo?"

"Bila kioo miye nitabahatisha tu."

Nikarudi nyumbani na Neema kuchukua vile vyangu viwili.

Nilipovifungua, ua lilikuwa vumbi. Upepo wa ziwa ukalibeba.

Akilini niliuona ukungu wa Bijombo ukipanda polepole, na ng'ombe wakitoka ndani yake mmoja mmoja, kimya, kana kwamba hakuna aliyewahi kuondoka.

Kisha Neema akakohoa, nikarudi naye kituoni.

Fundi aliosha kioo kimoja, akatandaza damu, akaitia rangi. Akainama kwenye darubini.

"Iko malaria, Koko. Lakini tumeikamata mapema."

Neema amemeza dawa, sasa amelala.

Kabla hatujaondoka kituoni, fundi alitaka kunirudishia kile kioo cha pili. "Rudi nacho, Koko, ni ukumbusho."

Nyuma yangu, kwenye benchi, mama mmoja alikuwa amempakata mtoto anayetetemeka.

Nikamwambia fundi, "Kioshe."

Ndugu zangu wa milimani, ninyi mngefanyaje?