Noti Iliyorudi Kwenye Khanga

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, noti ya shilingi elfu mbili ilitoweka mkononi mwa wifi yangu, dukani kwake Kolo. Saa nina hakika nayo. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake, na mimi nilikuwa nimejizoeza kutazama juu, usoni mwa mtu, wakati vidole vyangu viko kazini chini. Baada ya muda mfupi noti ilionekana tena, imefungwa fundo kwenye pindo la khanga yangu. Wifi alipiga ukelele wa furaha. Jirani anayeuza nafaka duka la mbele, ambaye alikuwa amekuja kununua chumvi, hakupiga ukelele. Aliiacha chumvi juu ya kaunta akaondoka.

Alichokiona yeye nitakieleza. Kwanza nieleze ufundi huo niliupata wapi.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Nzuguni, na kiini macho nilijifunza katika umri ambao wenzangu wanajifunza kuvaa miwani. Shule niliiacha mapema. Tangu hapo, karibu kila ninachokijua nimekipata kwa kukifumua na kukishona upya: cherehani yenyewe, redio, hesabu za riba, na mwisho karata. Karata zilikuja ndani ya mfuko wa suruali iliyoletwa kupunguzwa kiuno. Mwenyewe alipokuja kuichukua nikamrudishia, akacheka.

"Baki nazo, fundi. Imepungua moja, hazina mchezo tena."

Nikazihifadhi kwenye kopo la vifungo. Mara ya kwanza nilizitoa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na sikuwa na la kufanya. Nilitaka tu kuona kama vidole vinavyoweza kushona ukosi vinaweza pia kuficha karata nyuma ya kiganja. Haviwezi, si kwa wiki za mwanzo. Karata zilimwagika sakafuni, nikaziokota, zikamwagika tena. Mume wangu alikuwa akipita na kikombe chake cha chai, anasimama, anatazama chini kwa makini.

"Leo zimeanguka vizuri zaidi," anasema, kisha anaendelea na safari yake.

Kwenye simu nilikuta watu wanaofundisha, wengi kwa lugha nisizozielewa. Nilizima sauti. Bila sauti niligundua jambo ambalo maneno yao yalikuwa yanalifunika: mkono unaofanya hila hautazamwi na mwenye mkono. Anautazama mwingine, na watu wote wanamfuata. Hilo nililijua zamani bila kujua kwamba ninalijua. Ninapompima mteja nyonga, hasa mama mwenye aibu, natazama utepe begani kwake, naye anatazama bega, na nyonga imeshapimwa.

Lakini hila zao hazikunifaa. Wale walivaa makoti yenye mikono mirefu, wakakaa nyuma ya meza zenye vitambaa. Mimi nina blauzi ya mikono mifupi, khanga, chaki ya fundi, na kopo la vifungo. Ikanilazimu kutunga za kwangu. Ya kwanza ilikuwa ya kifungo kinachotoka kwenye uzi ambao ncha zake zote mbili zimeshikwa na mteja. Niliifanyia kazi msimu mzima wa kilimo, mbele ya kioo ambacho wateja hujitazamia. Ilipokamilika nilimfanyia mume wangu. Aliuvuta uzi, akaukagua, akaniambia nirudie. Nikakataa. Hapo akajua kwamba nimekuwa fundi kweli.

Ya khanga ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na nitaisema yote kwa sababu siri yake imeshafika mbali. Kwenye upindo wa khanga, pembeni kabisa, nilishona kipande cha karatasi kilichokunjwa ukubwa wa noti iliyokunjwa. Unaikunja noti mbele ya mtu, unaiingiza chini ya khanga, kisha unamshikisha ile pembe. Anachokisikia vidoleni ni karatasi ya upindo. Noti yenyewe imebaki kati ya vidole vyako, na inaingia mfukoni wakati wewe unatazama uso wake. Ukiivuta khanga, mkono wake mtupu. Kwenye pembe nyingine kuna fundo lililofungwa tangu asubuhi, ndani yake noti ya pili, kuukuu kama ya kwanza, imechanika kidogo sehemu ileile. Kuzipata noti mbili zinazofanana hivyo kulinichukua muda kuliko kujifunza hila yenyewe.

Niliipenda pia kwa sababu ingeweza kwenda ukweni. Mama mkwe wangu anakaa Kolo na binti yake, huyo wifi, na kwake karata haziingii. Hajali kama unacheza au unapanga tu. Karata ni kamari. Kwa hiyo tulipokwenda kumsalimia, karata zilibaki Nzuguni. Khanga nani angeikataza?

Sasa turudi dukani. Wifi ana desturi moja: ndugu wote wanalipa kama wateja wengine, "hata malaika akija kuchukua sukari." Nilikuwa nimetaka sukari. Nikaitoa noti, nikaikunja, nikamwambia ashike.

"Umeshika?"

"Nimeshika. Mbona unanishikisha nguo? Nipe hela."

Nikaivuta khanga.

"We wifi! Hela yangu umeipeleka wapi?"

"Fungua hilo fundo hapa."

Akafungua. "Yarabi! Imerudi kwako! Mama, njoo umwone mkweo, hela imerudi kwake!"

Maneno hayo ndiyo yaliyomwondoa jirani. Wenye maduka wa kwetu wanaogopa kitu kimoja kuliko wezi, nacho ni chuma ulete: mtu anayelipa kwa noti, noti inabaki kwenye droo mchana kutwa, kisha inamrudia mwenyewe na kumburutia hela nyingine zilizokuwamo. Mimi niliona pindo la khanga kama mahali pa kawaida ambapo mwanamke yeyote hufunga hela. Jirani aliona hela ikitoka mkononi mwa mwenye duka na kurudi kwa mnunuzi. Nilikuwa nimeonyesha, kwa usahihi mkubwa, kile hasa wanachokiogopa.

Asubuhi iliyofuata wifi alivuka barabara na noti ya elfu kumi kutafuta chenji. Pale Kolo hakuna duka lenye chenji ya kulitosha. Kila asubuhi wanavunjiana: wa nafaka ana sarafu, wa nyama ana noti za elfu, wifi ana mia tano tano. Asiyevunjiwa hauzi. Mtu akija na elfu kumi kununua kipande cha sabuni, utamwambia nini?

"Chenji hamna," alisema mwenye nafaka. Wifi alizisikia sarafu zikigongana kwenye kopo wakati likisukumwa chini ya meza.

Mwenye bucha naye hana. Wifi akarudi, akaketi kwenye gunia.

"Wanasema umekuja kuninyonya," akaniambia. "Au mimi ndiye nimekuita uje uwanyonye wao. Hawajaafikiana bado."

Nikacheka.

"Usicheke, wifi. Hapa ndipo panapotoka ugali wa mama."

Duka lile alilianza alipoachika, kwa kuuza vitenge vyake kimoja kimoja, na lilikuwa limemfanya aweze tena kupita sokoni kichwa kikiwa juu. Mchana ule wateja waliokuja waliondoka na hela zao kubwa. Kuna jambo moja zaidi. Nilipopita nyuma ya kaunta kuchukua ndoo, nikamwona anavuta droo na kuzihesabu hela upya. Aliponiona nimeona, akajifanya anatafuta kalamu. Ni wifi yangu, tumelala kitanda kimoja kwenye misiba na harusi. Hilo liliniuma kuliko ya jirani.

Mimi huamini kwamba jambo likielezwa kwa utaratibu litaeleweka. Nikachukua khanga, nikafumua upindo kidogo, nikaenda kwa mwenye nafaka. Nikamwonyesha karatasi. Nikamwonyesha noti zote mbili na mipasuko yake. Nikarudia kila hatua polepole. Mikono yake aliiweka nyuma muda wote.

"Umemaliza, fundi?"

"Nimemaliza. Umeona kwamba ni karatasi tu?"

"Nimeona. Hicho ni cha kuonyesha watu. Chenyewe hakionyeshwi."

Kadiri nilivyoeleza vizuri, ndivyo alivyozidi kuniogopa. Mtu asiye na hatia angejuaje yote hayo?

Nikarudi nyumbani. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka anachambua choroko. Akanisikiliza bila kuinua macho.

"Tatizo lako unajua mno," akasema. "Lete hiyo khanga. Nifundishe."

"Mama, inahitaji mazoezi. Vidole—"

"Nani kakwambia nataka kuijua vizuri? Nionyeshe mara moja."

Nilimwonyesha mara moja. Akajaribu, noti ikaonekana yote. Nilitamani arudie, kwa sababu mtu aliyejifundisha kazi peke yake hawezi kuvumilia kuiona ikiharibiwa. Nikamwambia walau afiche kidole gumba. Akasema kidole chake gumba amekaa nacho miaka sabini na hajawahi kukificha.

Kesho yake, maduka yalipofunguliwa, alitoa kigoda akaketi mbele ya duka la binti yake, karibu na sinia la nyanya, akaita kwa sauti.

"Binti wa nafaka! Njoo hapa. Na wewe wa bucha, acha hicho kisu uje."

Walikuja, kwa sababu mama mkwe wangu akiita watu huja. Walimpa shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba, kisha wakasimama mbali kidogo.

"Nami nimekuwa mchawi," akasema. "Tazameni."

Akaikunja noti yake. Akaiingiza chini ya khanga. Akamwamuru mwenye nafaka ashike pembe, naye akashika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika mkia wa panya. Mama akautoa mkono wake wa kulia, na noti ikiwa imechomoza kati ya vidole, inapepea.

"Bibi," alisema mwenye bucha, "noti hiyo hapo."

"Wapi?"

"Mkononi mwako, bibi!"

"Nani kakwambia utazame huku? Tazama kule!"

"Lakini inaonekana!"

"Wewe ndiye unayeiona. Mwenzako amenyamaza."

Mwenzake alikuwa ameuma midomo. Mama akajaribu kuipeleka noti mfukoni, mfuko akaukosa, noti ikaangukia kwenye sinia la nyanya. Akaitazama pale ilipolala.

"Haya," akasema. "Mchawi gani anaangusha hela kwenye nyanya?"

Mwenye nafaka alicheka mpaka akashika mlango. Mwenye bucha alijifuta macho kwa aproni yenye damu. Watu waliokuwa wakisubiri gari la Kondoa wakasogea kuuliza kuna nini, mama akarudia, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Mara ya tatu mwenye nafaka mwenyewe akasema, "Mama, unaharibu, lete nifanye mimi." Akaishika khanga kwa mikono yote miwili, akaubonyeza upindo, akatulia.

"Kumbe ni karatasi!" akasema.

Ni karatasi ileile niliyomwekea mbele ya macho yake jana yake. Ilibidi kwanza aione mikononi mwa mtu asiyeweza kitu. Nilisimama mlangoni nikimtazama mama mkwe wangu akibishana na mwenye bucha kuhusu nani alitazama wapi, na nikafikiri kwamba kati ya wote niliowahi kuwaona, kwenye simu au kwa macho yangu, yeye ndiye aliyeifanya hila hiyo ikafanya kazi niliyoihitaji.

Mwenye nafaka alivuka barabara akarudi na kopo lake.

"Wifi mtu, bado unataka chenji?"

"Ulisema hamna."

"Imepatikana."

Akamhesabia wifi sarafu mkononi, moja moja. Wifi alizimimina kwenye droo, akaifunga bila kuzihesabu, ufunguo akanipa mimi nimshikie aende kuchota maji.

Aliporudi alichukua kikokotoo, akapiga hesabu mbele yangu kwa sauti, ili nisikie: mikate iliyochacha, maziwa yaliyoganda, na wateja waliokwenda kununua kwingine.

"Ondoa soda walizonunua hao waliokuja kunicheka," mama akasema kutoka kwenye kigoda.

Wifi akaziondoa, akanigeuzia kikokotoo nisome mwenyewe ninachodaiwa. Hasara ilibaki shilingi elfu kumi na moja na mia tano.